Mume wangu ameacha kumtumia mama yake pesa, anasema Biblia imemruhusu

Shikamoo mama,

Nina miaka 34, huu ni mwaka wa tisa tangu niolewe, tunaishi Dodoma na watoto watatu. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono. Mama yake ni mjane, yuko kijijini Singida, na ana presha. Tangu tuoane mume wangu alikuwa akimtumia shilingi 60,000 kila mwisho wa mwezi kwa simu, za dawa na za unga.

Miaka miwili iliyopita alijiunga na kikundi cha maombi kinachokutana sebuleni kwa mtu. Mwanzoni nilifurahi, hata bia aliacha. Lakini tangu mwezi wa pili mwaka huu hajamtumia mama yake hata senti. Nilipomuuliza alinifungulia Luka 14:26, pale Yesu anaposema habari ya kumchukia baba na mama. Akaniambia Neno ni Neno, halina kona. Nikamjibu kwamba kuna amri ya kuwaheshimu wazazi. Akasema hapo baba ni Mungu na mama ni Kanisa, na kwamba mama huyo anamheshimu kwa sadaka zake. Nikampelekea Isaya 58, ile ya kufunga na kumgawia mwenye njaa. Akasema chakula ni Neno na njaa ni ya kiroho. Akanikumbusha yale ya Paulo juu ya andiko na Roho, akasema mimi nasoma kimwili.

Mama, mimi niliishia darasa la saba, yeye amefika chuo. Sina la kumjibu. Duka nalo si kama zamani, ila michango ya kikundi haikosi. Mama mkwe amemwambia wifi yangu kwamba mimi ndiye niliyemfunga mwanawe. Nimeanza kumtumia 20,000 za maandazi yangu kwa siri. Je, natenda dhambi? Na nitajuaje wapi Biblia inasema moja kwa moja, na wapi inasema kwa mafumbo?

Mke wa Dodoma

Marahaba, mwanangu.

Hizo 20,000 endelea kuzituma. Habari ya siri nitaigusa baadaye, maana ndiyo inayonitia wasiwasi. Lakini mgonjwa wa presha asikose dawa eti kwa sababu sisi hatujamaliza kubishana juu ya maandiko.

Swali lako la mafumbo nalijua tangu utoto. Nilikulia Tanga, kwenye kambi ya shamba la mkonge, na kanisani kwetu mpiga kengele alikuwa mzee mwenye jicho moja. Jumapili moja likasomwa lile neno la Mathayo 5 la kuling'oa jicho linalokukosesha. Nilikuwa na miaka tisa. Nikageuka kumtazama yule mzee pale mlangoni, kofia mkononi, na moyo wangu ukaenda mbio: kumbe ndiyo maana! Huyu alitii. Kuanzia siku hiyo nilimwogopa na kumheshimu kuliko mchungaji, na usiku nilikuwa nafunika macho yangu kwa viganja nikijiuliza lini zamu yangu itafika. Siku ya tatu nikashindwa, nikamuuliza mama. Alikuwa anapepeta mchele. Akaacha ungo, akanieleza kwamba mzee yule alikuwa mkata mkonge, na jicho lake lilichomwa na ncha ya jani. Kisha akashika tena ungo, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Kwani kipofu hatamani?"

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima. Mama yangu, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kuunga herufi, alikuwa amefanya kazi yote ya mfasiri kwa maneno matatu. Ukiling'oa jicho, tamaa inabaki palepale, na Yesu huyohuyo katika Mathayo 15 anasema uovu hutoka moyoni. Kwa hiyo yale maneno makali hayakulenga jicho. Yalilenga kitu unachokipenda kama jicho lako, ambacho hutaki kukiacha, nacho kinakuangamiza. Hiyo ndiyo maana aliyoikusudia msemaji, na aliyeisikia hivyo amelisikia neno lenyewe. Hakulikwepa.

Naomba utulie hapo kidogo, maana ndipo mume wako alipoteleza. Yeye ana vikapu viwili: kimoja cha maneno ya kuchukuliwa yalivyo, kingine cha maneno yenye siri ya kiroho. Wewe nawe umeniuliza swali lako kwa vikapu hivyohivyo. Lakini sisi wenyewe hatusemi hivyo. Wifi yako akikuambia umemkata maini, humkimbizi hospitali. Hujaenda kwenye maana ya kiroho, wala hujapuuza alichosema. Umesikia Kiswahili, basi. Waebrania nao walikuwa na maini yao. Ukifungua Yeremia 17:10 katika Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi tunayo nyumbani, utakuta Mungu anauchunguza moyo na kuvijaribu viuno. Viuno? Msomaji wa Kiswahili anabaki ameduwaa. Kwa Kiebrania lililoandikwa pale ni figo, na kwao figo zilikuwa makao ya mawazo ya ndani kabisa, yale mtu asiyomwambia hata mkewe. Anayejua hilo ameipata maana ya wazi ya mstari. Asiyejua anaweza kukaa nao mwaka mzima akitafuta siri ya kiroho ya viuno, na mwalimu mwenye ulimi mzuri atampatia moja.

Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, alilisema jambo hili bila kuzunguka: Biblia inapotaja mkono wa Mungu, maana ya wazi ya neno hilo ni uwezo wake wa kutenda, wala haisemi kwamba Mungu ana kiungo cha mwili. Na akafundisha kwamba maana nyingine zote, za kiroho, zinasimama juu ya maana hiyo ya wazi. Nyumba juu ya msingi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa twende kwenye Luka 14:26. Mume wako anasema Neno halina kona, na kuchukia ni kuchukia. Mwombe afungue Mwanzo 29, mstari wa 30 na wa 31. Yakobo ana wake wawili, Lea na Raheli. Mstari wa 30 unasema alimpenda Raheli kuliko Lea. Mstari unaofuata, kwa Kiebrania, unasema Mungu aliona kwamba Lea amechukiwa. Usishangae ukikuta Biblia yako imeandika kwamba hakupendwa, kwa sababu watafsiri walijua mwandishi anasema nini. Ni habari ileile, imesemwa mara mbili kwa namna mbili. Katika usemi ule, kati ya wawili, anayependwa zaidi ndiye "anayependwa" na aliyebaki nyuma ndiye "anayechukiwa". Na huyo Lea aliyechukiwa alimzalia Yakobo wana sita na binti mmoja. Mwisho wa maisha yake, Yakobo akiwa Misri kitandani, aliagiza azikwe katika pango la Makpela, na katika Mwanzo 49 anataja kwa kinywa chake kwamba humo alimzika Lea. Mzee anaomba kulazwa kwenye kaburi alilomzikia mke huyo. Chuki gani hiyo?

Mathayo naye anayo maneno hayohayo ya Yesu, sura ya 10, mstari wa 37, na yeye ameyaandika kwa namna ya mstari ule wa 30: anayempenda baba au mama kuliko mimi. Weka Mathayo na Luka kwenye meza moja na neno linajieleza lenyewe. Ni gumu bado, sitakudanganya. Linamtaka mtu amweke Kristo mbele ya watu wote, hata mbele ya mama aliyemzaa, na kwa wengi katika vizazi vya kwanza vya Kanisa hilo lilimaanisha kufukuzwa nyumbani. Kufukuzwa na mama kwa ajili ya imani ni jambo moja. Kumkatia mama unga ni jingine, na neno hilo halikutaja unga.

Tena Yesu alikutana na kesi ya mume wako, karibu neno kwa neno. Iko Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Kulikuwa na desturi ya mtu kutamka juu ya mali yake kwamba ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na akishatamka hivyo wazazi wake hawawezi tena kusaidiwa kwa mali hiyo. Yesu anawaambia wenye desturi ile kwamba wameitangua amri ya Mungu kwa mapokeo yao. Amri ipi? Ileile ya kuwaheshimu baba na mama. Na pale hakusema baba ni huyu na mama ni yule. Alizungumzia wazee wenye matumbo, wanaohitaji msaada wa mtoto wao, wanaoambiwa msaada umekwenda madhabahuni. Kama katika Biblia nzima kuna mahali ambapo Bwana mwenyewe ametuonyesha amri hiyo isomwe vipi inapogusa pesa, ni hapo. Ulipoandika kwamba michango ya kikundi haikosi, Marko 7 ilinijia kabla sijamaliza kuisoma barua yako.

Lakini sitaki umrudie mume wako na kumwambia kwamba maana za kiroho ni upuuzi. Hapo utakuwa umemkosea, na umeikosea Biblia. Paulo katika Wagalatia 4 anawachukua Hajiri na Sara na kuona ndani yao maagano mawili. Katika 1 Wakorintho 10 anasema mwamba uliowanywesha Waisraeli jangwani ulikuwa Kristo. Na Injili ya Yohana imejaa watu wanaolisikia neno kwa sikio la nje tu: Nikodemo anawaza namna ya kurudi tumboni mwa mama yake, mwanamke wa Samaria anawaza kisima na cha kutekea maji. Yesu anawavuta wote wawili waingie ndani zaidi. Agustino, yule askofu wa Hipo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipokuwa kijana aliyadharau Maandiko. Akaenda Milano, akamsikia Ambrosi akihubiri na kuifungua maana ya ndani ya Agano la Kale, na ukuta ukaanza kubomoka. Alibatizwa mwaka 387. Huyo Ambrosi, ujue, alipenda kuutaja mstari uleule ambao mume wako anakupigia nao, wa andiko na Roho. Ukiisoma 2 Wakorintho 3 yote utaona Paulo anazungumzia agano lililochorwa kwenye mawe na agano lililoandikwa mioyoni mwa watu. Hakuwa akigawa wasomaji, huyu wa kimwili na yule wa kiroho, na sioni ni wapi palipompa mume ruhusa ya kumnyamazisha mkewe.

Nitakupa mfano mmoja wa maana ya kiroho iliyosimama vizuri, ili uujue uso wake ukikutana nayo. Mfano wa Msamaria mwema, Luka 10. Walimu wa kale wa Afrika, Orijeni wa Aleksandria katika karne ya 3 na baadaye huyo Agustino, waliusoma hivi: mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu ni Adamu, wanyang'anyi ni Shetani na jeshi lake, kuhani na Mlawi ni Agano la Kale ambalo lilimwona majeruhi lisiweze kumwinua, Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa. Mimi nikiusikia hivyo huwa natokwa na machozi, kwa sababu ghafla nipo mle ndani, na ni mimi niliyelala barabarani. Lakini angalia kilichofuata. Orijeni, baada ya kuifungua siri hiyo yote, aliwahimiza wasikilizaji wake wamwige Msamaria na kuwahurumia walioangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Maana ya kiroho haikumwondoa yule majeruhi barabarani. Iliwatuma kwake wakiwa na sababu mbili badala ya moja. Na Agustino, katika kitabu chake cha kuwafundisha Wakristo kusoma Maandiko, anasema kwamba mtu anayedhani ameyaelewa, na ufahamu wake haujengi upendo wa Mungu na wa jirani, bado hajayaelewa. Hakusema hajayaelewa vizuri. Bado.

Sasa pima ule ufafanuzi wa Isaya 58. Chakula ni Neno? Inaweza kuwa, Kumbukumbu la Torati 8 inafungua mlango huo. Lakini nabii hakuishia kwenye chakula. Anaendelea na maskini wasio na makao, aliye uchi avikwe, na mwisho kabisa wa mstari wa 7 anakataza mtu kumkwepa ndugu yake mwenyewe wa damu. Soma mpaka nukta, mwanangu. Hapo yuko mama mkwe wako.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa sidhani mume wako ameliona. Luka 14 ameichukua ilivyo, neno kwa neno. Amri ya wazazi na Isaya 58 amezipandisha kwenye roho. Kote kuwili shilingi 60,000 imebaki mfukoni mwake, au imekwenda kikundini. Anauza misumari kwa kilo. Anajua mfanyabiashara mwenye mizani moja ya kununulia na nyingine ya kuuzia anaitwaje, na Mithali 20 inasema Mungu anayaonaje mawe ya kupimia yasiyolingana. Mtu akishazoea kuchagua maana kwa kuangalia ipi inampunguzia mzigo, Biblia haiwezi tena kumwambia kitu asichotaka kusikia.

Tena si mchezo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Walikuwamo watoto. Sisemi kikundi cha mume wako kiko hivyo, sikijui. Nasema kwamba neno "funga" lipo kwenye Biblia kweli, na mwalimu anayeaminiwa kuliko mama na mke na daktari anaweza kulipeleka popote.

Kuhusu darasa la saba, usiniandikie hivyo tena. Wewe ndiye uliyempelekea mume wako Isaya 58. Watu wa Beroya katika Matendo 17 wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko wenyewe kila siku waone kama aliyofundisha Paulo ni kweli, na hao walikuwa wanamkagua mtume.

Sasa la nyumbani. Kabla hujafungua Biblia, fungua daftari la duka. Umeandika kwa mstari mmoja tu kwamba duka si kama zamani, ukapita. Mimi sikupita. Mwanamume mpole aliyezoea kumtumia mama yake pesa kila mwezi kwa miaka, halafu akaacha ghafla, inawezekana ana deni ambalo hajakuambia. Kusema "sina" kwa mama kunaumiza kuliko kusema "Neno limenikataza". Simhukumu, nimesikia upande mmoja. Ila muulize. Subiri watoto walale, umpe chai, umuulize duka linaendaje, na ukae kimya mpaka aseme. Kama ni deni, mtapanga wote wawili: hata 30,000 ni pesa, na mama akiambiwa ukweli ataelewa, kuliko kuachwa akiwaza kalogwa mwanawe.

Kama si deni, basi mwombe yeye mwenyewe asome Marko 7 kwa sauti, kuanzia mstari wa 9 hadi wa 13. Usimhubirie. Asome, ufunge Biblia, mkalale. Mwache nalo wiki nzima. Usilipeleke mbele ya kikundi wala usiwatume wenzake kwake, utamfanya atetee asichokiamini tena. Ikishindikana kabisa, ana kaka mkubwa au mchungaji anayemheshimu? Mmoja wa hao, kwa faragha.

Na ile siri. Pesa ya maandazi ni ya jasho lako na kumtunza mama mkwe si dhambi, lakini mwambie mume wako kwamba unatuma. Kwa sauti ya kawaida tu: "Nimemtumia mama 20,000 za dawa." Akinung'unika, anung'unike. Ukificha, siku akigundua mazungumzo yatakuwa juu ya uongo wako, na mama atasahaulika.

Kisha mpigie mama mkwe. Usiache wifi abebe maneno. Umwamkie, umuulize dawa anameza zipi na zimebaki ngapi, na umwambie hizo zinazoingia unazituma wewe. Akikuuliza mwanawe yuko wapi, mwambie yuko dukani, ni mzima, na kwamba mnazungumza. Ukiweza, likizo ya shule wapeleke watoto wakamwone bibi yao, na baba yao umwombe awasindikize.